Kitabu cha Marubani Kimeniweka Macho Usiku Kucha

Ukiwa na pesa ya kitabu kimoja tu mwaka huu, na unaishi popote kati ya Likoni na Vanga, nunua jedwali la maji! Lile la Mamlaka ya Bandari ya Kenya, linalotolewa kila mwaka, lenye saa za maji kujaa na kupwa bandarini Kilindini, tangu Januari mosi hadi siku ya mwisho ya Desemba. Sikuandikiwa mimi kitabu hiki. Wameandikiwa marubani wanaoingiza meli mlangoni, manahodha wa matishari, wapima bahari na wahandisi wa magati. Mimi ni mtunzi wa hadithi hapa Galu, meli sina na mtumbwi sina. Lakini nakala ya mwaka huu imenifikia jana kwa hisani ya jamaa yangu afanyaye kazi za boti, nikaifungua baada ya magharibi kwa nia ya kuipitisha macho tu, na adhana ya alfajiri imenikuta niko Novemba. Siwezi kungoja nitulie ndipo niandike. Naandika sasa hivi, chuma kingali moto.

Kurasa zenyewe hazina hata sentensi moja. Kila siku imepewa mistari minne, mara mojamoja mitatu, na kila mstari una vitu viwili tu: saa, na kimo cha maji kwa mita. Saa zimeandikwa kwa mtindo wa baharini, kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo msomaji wa huku kwetu inambidi aondoe sita kichwani ndipo ajue ni alfajiri au ni jioni. Kufikia tarehe 10 Januari nilikuwa siondoi tena. Macho yameshazoea, na namba zimeanza kutembea.

Tazama siku ya bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, au siku moja mbili baadaye. Maji yamejaa saa kumi na kitu alfajiri, mita 3.5. Yanatoka, yanatoka, na ikifika saa nne na ushei asubuhi yako chini kabisa, mita 0.3, na miezi mingine hata hiyo haifiki. Saa kumi na ushei jioni yamerudi kulekule juu. Geuza kesho yake: mambo ni yaleyale, ila yamesogea mbele kwa dakika arubaini hivi. Kesho kutwa, tena. Ukipiga wastani wa mwezi mzima utapata dakika hamsini kwa siku, lakini wastani unauficha utamu wenyewe, kwa sababu mwendo hauko sawa. Siku za bamvua maji huchelewa kidogo tu. Bamvua ikishapita, yanachelewa saa nzima na zaidi, na huku yanachelewa yanapungua nguvu. Kimo cha juu kinashuka, cha chini kinapanda, vinakaribiana siku hata siku, mpaka kwenye maji mafu unakuta kati ya kujaa na kupwa pana mita moja hivi, pale ambapo juma lililopita palikuwa na zaidi ya tatu. Na saa zimepinduka: ile saa nne ya asubuhi iliyokuwa ya mwamba mkavu sasa ni ya maji kujaa, japo ni kujaa kwa unyonge. Halafu, bila kutangazwa, namba zinaanza kuachana tena. Mita 1.4, 1.7, 2.2... Nilikuwa nimeshika pumzi!

Mtunzi yeyote anajua ilivyo kazi kumfanya msomaji asubiri jambo analolijua kuwa litakuja. Jedwali hili linaifanya kazi hiyo mara mbili kila mwezi, na halichoshi. Lina wahusika wawili. Mwezi ndiye mkuu, anarudisha maji kila baada ya saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano. Jua lina zamu yake ya saa kumi na mbili kamili, na nguvu zake hazifiki nusu ya nguvu za mwezi. Wakivuta pamoja, bamvua. Wakivutana, maji mafu. Tena mwezi haukai mahali pamoja. Kuna siku uko karibu na dunia na kuna siku uko mbali, ndiyo maana bamvua mbili za mwezi mmoja ni nadra kulingana, moja humzidi mwenziwe. Na juu ya hayo kuna mwaka mzima unaojenga kilele chake polepole. Ukisoma mfululizo, bila kurukaruka, unaiona Machi ikija kwa mbali. Bamvua ya Januari kubwa, ya Februari kubwa zaidi, na unapofungua Machi, wakati mchana na usiku vinalingana, vimo vya juu vinaikaribia mita nne na vya chini vinaikaribia sifuri. Septemba inarudia. Katikati, Juni na Julai, kitabu kinashusha sauti. Nani alipanga hivi? Hakuna aliyepanga, na mimi niliyekaa miaka nikijifunza kupanga sura za riwaya nimebaki mdomo wazi.

Lakini hapo bado ni kitabu cha rubani. Rubani wa Kilindini akiona saa 1030 na mita 0.3, anajua meli yenye kina kirefu ingoje nje. Mtu wa Galu akiona namba hizohizo anamwona kila mtu mahali alipo. Kivukoni Likoni mteremko wa kushukia ferini umekuwa mrefu na mkali, na madereva wa malori wanaushuka kwa gia ndogo. Gazi, kwa wenye Mikoko Pamoja, ule mradi wa kuuza hewa ya ukaa ulioanza mwaka 2013, matope yako wazi na miche inaweza kupandwa. Hapa kwetu wageni wanatembezwa na vijana wa bichi hadi kwenye mafungu ya mchanga, viatu mkononi, na wale wanaovutwa na vishada juu ya maji wamekaa chini ya mivinje wakingoja kina kirudi.

Na wavua pweza wameshashuka tangu saa tatu. Mtazame mmoja wao kwa karibu. Anatembea ameinama, mkonzo mkononi, na hatafuti pweza bali mlango wa pweza: magamba ya kaa na vipande vya makombe vilivyotupwa nje ya tundu, vingine bado vyeupe, maana yake aliyekula yumo ndani. Karibu yake kiti cha pweza, chekundu, kimelala kwenye kidimbwi kana kwamba kimewekwa hapo makusudi. Mkonzo unaingia taratibu. Unasikia kushikwa. Hapo ndipo pa subira, kwa sababu ukivuta kwa pupa mnyama anajibana mwambani na hatoki tena. Ukilegeza, ukavuta, ukalegeza, anakuja mwenyewe, mkono mmoja baada ya mwingine. Kisha, kabla ya mtu yeyote kutazama saa, maji kwenye nyufa za mwamba yanabadili njia. Kijito chembamba kilichokuwa kikitiririkia bahari kuu kinasita, kinasimama, kinaanza kurudi upande wa pwani. Mzoefu akikiona ananyanyuka na kushika njia ya nyumbani. Yote hayo, kazi ya watu wazima ya asubuhi nzima na kitoweo cha mchana cha nyumba nyingi, yamo ndani ya mstari mmoja wa kitabu. 1030. 0.3.

Wakati wa kusi, bahari ya nje inapochafuka na vyombo vidogo haviwezi kuvuka mwamba, mstari huo unabeba zaidi. Kila anayeishi kwa bahari anabanwa ndani ya mwamba, na ndani ya mwamba jedwali ndilo linalogawa siku.

Sasa nije kwenye ukurasa ulionifanya nisimame nikazunguka chumba. Ni ule wa Idi! Mwezi wa Kiislamu huanza kwa kuonekana mwezi mwandamo, na mwandamo ndio bamvua. Kwa hiyo Shawwal mosi, mwaka wowote, iangukie Machi au Agosti, itakuta bamvua. Haiwezi kuwa vinginevyo. Maana yake ni kwamba asubuhi ya Idi-ul-Fitri hapa Galu, watu wakishatoka kuswali na kunywa chai, saa nne, bahari imeondoka, mchanga umetandikwa hadi karibu na mwamba, na watoto wenye nguo mpya wana uwanja mpana kuliko siku yoyote ya juma lililotangulia. Na saa kumi jioni, wakati wa kuoga, maji yamewafuata mpaka mizizi ya mivinje. Kila aliyekulia huku ameiona Idi hiyo. Mimi nimeiona tangu utotoni. Lakini kuiona imeandikwa kwa namba nne kwenye kitabu cha meli, kitabu ambacho hakitaji Idi wala Ramadhani, kulinitoa machozi.

Halafu nikafungua Idi ya kuchinja. Siku ya kumi ya Dhul-Hija inakuja wakati maji mafu yamepita jana au juzi. Bahari haitoki sana wala haijai sana. Inakaa katikati, imetulia, siku nzima. Idi mbili, bahari mbili. Nusu ya Shaabani ni bamvua ya mwezi mpevu. Maulidi, mwezi 12 Rabi-ul-Awwal, ni maji yanayojikusanya kuelekea bamvua. Ningekuwa na kitabu hiki nilipoanza kuandika hadithi za huku, ningekiweka mezani kando ya kamusi.

Kwa upande wa usanifu, historia ya vitabu vya namna hii inastahili riwaya yake yenyewe. Mwaka 1872 William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alibuni mashine ya kutabiri maji: magurudumu mengi, kila moja likiwakilisha mzunguko mmoja wa mwezi au wa jua, uzi mmoja ukipita juu ya yote, na mwisho wa uzi kalamu ikichora mawimbi ya mwaka mzima ujao. Kabla ya majeshi kushuka Normandy mwezi Juni 1944, Arthur Doodson alikuwa karibu na Liverpool akizungusha mashine za aina hiyo, na hesabu zake zilikuwa siri ya vita, kwa sababu aliyejua saa ya maji kupwa ufukoni alijua saa ya shambulio. Kilindini kipimo cha maji kilichowekwa mwaka 1986 kimo katika mtandao wa dunia nzima wa kupima kimo cha bahari. Hesabu sasa zinafanywa na kompyuta, lakini uzi ni uleule.

Tena bahari yetu ilikuwa na vitabu vya mabaharia vyenye ladha kabla ya mashine yoyote. Ahmad ibn Majid wa Julfar, Ras al-Khaimah ya leo, aliandika katika karne ya 15 maelekezo ya safari za bahari, na mengi yake aliyaandika kwa mashairi, likiwamo moja refu la njia ya kwenda Sofala, ambayo inapita mwambao huu wetu. Aliwaandikia manahodha, na leo wanaomsoma ni wasomi na washairi. Mabaharia wa mwambao nao walihesabu siku toka Nairuzi kwa miongo, kumi kumi, wakajua mwongo upi ni wa kusafiri na upi ni wa kupandisha chombo pwani. Jedwali la Kilindini ni la ukoo huohuo. Limeacha mizani na vina, likabakiza mwendo.

Kasoro zipo, nazisema kwa mapenzi. Kitabu kinajua mbingu, hakijui upepo. Kimehesabu mwezi na jua, basi. Kusi ikivuma siku nyingi mfululizo ikasukuma maji pwani, au hewa ikiwa nyepesi, bahari itapanda juu ya kilichoandikwa, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipotikisa mwambao hakuna mstari uliokuwa umekitaja. Pia ni kitabu cha Kilindini. Galu iko kilomita thelathini na ushei kusini, saa zake hazipishani sana na za bandarini, lakini mwamba wetu huyazuia maji: bahari ya nje ikiwa imefika chini kabisa, ndani ya mwamba bado kuna maji yanayochujika polepole kutafuta milango. Mtu wa huku anajifunza kuongeza na kupunguza kwa macho. Na namba zimesongamana. Tumia rula, la sivyo utajikuta Alhamisi ukisoma maji ya Ijumaa.

Kwa watunzi wenzangu, hili hapa. Hadithi ngapi za pwani zina wapendanao wanaotembea hadi mwambani saa kumi na moja jioni, mwezi mpevu ukikaribia kuchomoza? Saa hiyo, siku hiyo, Kwale nzima bahari iko kwenye mivinje. Njia ya kwenda mwambani iko chini ya maji yanayomzidi mtu kimo! Wakitaka mwamba na mwezi mpevu, wangoje saa nne usiku, na hapo pana hadithi nzuri zaidi: mwezi umepanda, bahari imeondoka, na wavuvi wanapita mmoja mmoja na taa zao, kwa hiyo wapendanao wataonekana, watasalimiwa, na kesho watatajwa barazani. Kisa chote kimezaliwa kwenye namba mbili. Ukitaka mhusika wako apotee baharini usiku bila shahidi, mpeleke kwenye maji mafu, usiku wa nusu mwezi, wakati hakuna anayeshuka mwambani kwa sababu hakuna mwamba wa kushukia.

Na kuna jambo moja ambalo nahodha hawezi kulipata na sisi tunaweza. Kwake kitabu kinakufa usiku wa Desemba 31. Kwetu ndipo kinapoanza kuiva, kwa sababu kinakuwa kumbukumbu ya kila saa ya mwaka uliopita. Tarehe 26 Desemba 2004, tsunami iliyotoka Sumatra ilifika mwambao wetu mchana. Ilikuwa siku ya mwezi mpevu, bamvua, na ikatukuta maji hayajajaa. Ndiyo mojawapo ya sababu mawimbi hayakupanda kuliko yalivyopanda. Yangefika wakati wa maji kujaa, yangekuta bahari iko juu zaidi. Hilo utalisoma kwenye jedwali la 2004, kwenye siku yenye mistari minne kama siku nyingine yoyote. Hata miaka ambayo haikuwa na jedwali inafikika, kwa kuwa mwezi unaweza kuhesabiwa kurudi nyuma. Vasco da Gama alitia nanga nje ya Mombasa tarehe 7 Aprili 1498. Mwezi mpevu ulikuwa jana yake. Basi wenyeji waliomtazama kutoka ufukoni walikuwa wamesimama kwenye bamvua, na asubuhi iliyofuata, saa nne, miamba yote ilikuwa wazi mbele ya wageni. Fikiria mtunzi anaweza kufanya nini na asubuhi hiyo!

Kwa hiyo msianze na Januari, anzeni na Machi, msome siku kumi na tano bila kusimama, kisha mrudi mwanzo. Na Januari ikifika, mkimwona nahodha au fundi wa boti, mwombeni nakala ya mwaka uliokwisha kabla hajaiwashia jiko, kwani yeye hana kazi nayo tena. Mimi natafuta ya 2004. Mwenye nayo aulize Galu, kwa yule mtunzi anayesoma namba. Nitaifuata popote ilipo, hata Vanga, maji yawe yamejaa au yamekupwa.